Ugali wa Karakanani

Nilipoingia kupika kwenye karakana ile ya useremala pale Iringa, mafundi wawili walikuwa wametoka kuacha kazi wiki hiyohiyo. Mmoja alikwenda Mufindi kwenye mashamba ya chai, ambako alisikia mfanyakazi anapewa nyumba na anatibiwa bure. Mwingine alidandia lori la Mbeya, maana reli ilikuwa inajengwa na kila mwenye mikono alitafutwa. Mzee, mwenye karakana, hakugombana nao. Aliwapa mkono, akawatakia safari njema, kisha akaenda kukaa juu ya rundo la mbao akikuna kichwa.

Mzee alikuwa Mbena, Mlutheri wa kwaya, mtu mpole asiyejua kupaza sauti isipokuwa wakati wa kuimba. Useremala alijifunza misheni. Alikuja mjini na sanduku la vifaa begani, akaanza kutengeneza viti vya jikoni, mpaka akapata banda la bati, msumeno mmoja wa umeme na mafundi wachache wa kumsaidia. Lakini lilikuwa banda tu. Hakuwa na ubavu wa kushindana na wenye mashamba na wajenzi wa reli.

Siku aliponiita alikuwa amevaa koti lake la kanisani, nikadhani kuna mgeni.

"Binti," alisema, "mshahara wa hawa watu siwezi kuuongeza. Nimeshapiga hesabu mpaka kichwa kimeuma. Lakini mtu anayesukuma randa tangu asubuhi hawezi kushinda na kikombe cha chai. Nataka hapa kwangu watu wale mchana, washibe. Utaweza kupikia wanaume wazima?"

"Nitaweza, Mzee. Kwetu tuko wengi."

"Basi kuni usiwe na wasiwasi. Kuni tunazo kuliko wote mjini."

Hilo lilikuwa kweli. Mafiga yangu yalikuwa nyuma ya banda, na nilipikia vipande vya mbao vilivyobaki, na asubuhi niliwashia maranda, yale maganda membamba yanayotoka kwenye randa. Nilisonga ugali kwa mwiko mrefu ambao Mzee mwenyewe alinichongea. Maharage yalikuwepo karibu kila siku, mboga ya maboga ilikuwepo wakati wa mvua, na mara mojamoja dagaa. Saa ya kula msumeno ulizimwa, mafundi wakajipangusa vumbi la mbao kwenye nyusi, wakanawa, wakakaa juu ya mbao kuzunguka masinia mawili. Walikula kwa kelele. Walitaniana, Wabena na Wahehe, nani anakula kama nguruwe na nani anakula kama bibi harusi. Ukoko wa chini ya sufuria waligombania kama watoto.

Na mafundi hawakuondoka tena. Jambo dogo kama lile, sufuria moja ya ugali, liliwafanya wakae. Fundi wa milango, mzaliwa wa Kalenga aliyekuwa amepanga Mwangata na mke wake, watoto wanne na mama yake mzazi, aliitwa kazini Mbeya akakataa. Nilimsikia akimwambia mwenzake, "Kule nitalipwa zaidi, lakini nani atanipikia mchana? Hapa nikila hivi, kile cha nyumbani chote ni cha watoto." Mzee alipopelekewa maneno hayo alicheka mpaka akavua miwani kujifuta macho. Alikuwa amepata dawa yake.

Halafu mvua ikakataa.

Sisi watu wa Iringa hatukuzoea kuomba unga. Mahindi yetu ndiyo yaliyokuwa yakipakiwa kwenda kulisha wengine. Mwaka ule yalisimama shambani yakiwa yamejikunja majani kama sigara za kienyeji, na watu wengi vijijini walikuwa ndio kwanza wamehamia kwenye vijiji vipya, mashamba yao ya zamani wameyaacha mbali. Debe la mahindi likawa kitu cha kunong'onezana. Mjini tukaanza kupanga foleni kwa balozi wa nyumba kumi kupata kipimo cha unga wa yanga, ule wa njano uliotoka ng'ambo. Ulikuwa na harufu ya ghala, na ugali wake ulikatikakatika mkononi. Wazee walisema ni chakula cha ng'ombe. Walisema hivyo huku wakipanga foleni.

Mzee alihangaika ili moto wangu usizimike. Alikwenda mara nyingi kwa wahusika wa chakula, akieleza kwamba ana watu wa kazi ngumu. Mwishowe wakamkubalia gunia la unga wa yanga kila mwezi, kwa sharti moja, nami nilikuwepo la kwanza lilipoletwa, nikamsikia aliyelileta akilirudia. "Huu ni wa kupikia wafanyakazi, Ndugu. Unapikwa hapa, unaliwa hapa. Tukisikia unga au ugali unatoka getini, tutakuhesabu mlanguzi."

"Nimeelewa," Mzee alijibu. "Utaliwa hapa."

Kwa hiyo wakati mji mzima ulikuwa na njaa, karakana yetu ilikuwa inakula. Ungedhani mafundi wangefurahi. Ni hapo kelele za mchana zilipoanza kupungua.

Wa kwanza niliyemwona akificha chakula alikuwa fundi wa milango. Alikuwa anamega matonge mawili matatu, halafu anageukia ukutani kana kwamba anatafuta penseli yake. Siku moja nilipita nyuma yake na ndoo ya maji, nikamkuta anakandamiza ugali ndani ya karatasi ya mfuko wa saruji aliyoisafisha, anauweka chini ya patasi kwenye mfuko wa vifaa. Alishtuka.

"Mama yangu amekataa kula," alisema polepole. "Kila nikirudi anasema ameshiba. Anasema ale ya nini, yeye halimi wala hasomi. Kile kipimo cha balozi anawapa wajukuu."

"Wewe je, utasukuma randa na nini?"

"Nitasukuma hivyohivyo, dada."

Nilimwaga maji na kwenda kujaza tena ndoo ambayo haikuwa na haja ya kujazwa. Baada ya hapo nikaona na wengine. Huyu kwenye kofia, huyu kwenye mkebe wa misumari, huyu kwenye mfuko wa ndani wa koti. Masinia yalirudi safi kama zamani, lakini mashavu yao yaliingia ndani, na suruali walizifunga kwa kamba. Kila mmoja alikuwa na nyumba. Kila nyumba ilikuwa na midomo.

Aliyetufichua sote alikuwa fundi wa vanishi, mzee kuliko wenzake, mtu wa Kilolo mwenye kikohozi. Alikuwa anapita na kiti mikononi karibu na msumeno unaozunguka. Nilikuwa mlangoni. Nikaona kiti kinamtoka, naye anainama kuelekea kwenye meno ya msumeno taratibu kabisa, kama mtu anayeinama kusalimia. Fundi wa milango aliruka akamvuta kwa ukosi wa shati. Msumeno ukachukua mkono wa shati tu, kitambaa, ukakipasua na kukitupa juu.

Mzee alizima umeme. Fundi wa vanishi alikuwa amelala chali kwenye maranda, na kofia yake ilikuwa imedondoka. Ndani yake, kwenye jani la mgomba, kulikuwa na ugali wa mchana ule, haujaguswa.

Mzee aliinama akauokota.

"Umekula nini tangu jana?"

"Nimekula, Mzee."

"Nakuuliza kama mdogo wangu. Umekula nini?"

Fundi wa vanishi akafunga macho. "Chai," alisema. "Chai ya majani, bila sukari."

Mzee akawatazama wengine, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyemtazama. Akaelewa. Aliweka ule ugali juu ya meza ya kazi kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Kuanzia kesho," alisema, "chakula kinaliwa hapa, mbele yangu, mpaka kiishe. Hakuna kubeba."

"Mzee," alisema fundi wa milango, "koo halipitishi. Unajua unachokula, na unajua nani hajala. Kinagoma hapa." Alijishika shingoni.

"Nitafanyaje, ndugu yangu? Niambie wewe. Mkono wa mtu ukibaki kwenye ule msumeno, watoto wake watakula nini? Na unga wakiuona nje watauchukua wote, tutakosa hata hiki. Nikiacha mbebe, nalisha nyumba sita kwa sufuria moja, na nyie mnanifia hapa. Nikiwakataza..." Hakumaliza. "Niambie wewe."



Kwa hiyo tukaanza kula vile. Nasema tukaanza kwa sababu Mzee alikuja kukaa nao chini, akamega nao, na mimi nikaamriwa nikae hapohapo mpaka masinia yaishe. Ile ambayo mwanzoni ilikuwa zawadi ikawa kazi nyingine, nzito kuliko kupasua gogo la mninga. Wanaume walitafuna wakitazama chini. Hakuna aliyetania. Ulisikia taya tu. Fundi wa milango alikuwa anameza kwa maji, tonge na maji, tonge na maji, kama mtu anayemeza kwinini. Siku moja machozi yalikuwa yanamtoka huku anatafuna, na hakuyafuta, kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa na mchuzi na wa kushoto alikuwa ameukalia. Mzee aliona. Nilimwona ameona. Akaendelea kumega.

Ukoko nao haukugombaniwa tena. Niliukwangua nikaula mwenyewe, na uliponipita kooni nilijua fundi alichokuwa anasema.

Mke wa fundi wa milango alikuja mchana mmoja. Sidhani alipanga kuja saa ya kula. Alikuja kuuliza kama mumewe atapewa kipande cha mbao cha kuzibia dirisha, maana upepo wa Iringa ulikuwa umeanza na bibi alikuwa anakohoa. Mgongoni alikuwa na mtoto mchanga, na wa miaka kama minne alimshika mkono. Walisimama nje ya uzio wa mabanzi ya mbao. Yule mtoto aliingiza uso kwenye nafasi kati ya banzi na banzi, akatutazama. Hakulia wala hakuomba. Alimtazama baba yake anavyokula.

Fundi wa milango alibaki na tonge mkononi. Hakuweza kulipeleka mdomoni na hakuweza kulirudisha.

"Kamwene, mama," Mzee alimsalimia yule mke kwa Kihehe, akasimama. Alichukua sehemu yake kwenye sinia, akaenda nayo mpaka kwenye uzio, akampa mtoto mkononi. Yule mke alipiga goti kushukuru, akaangalia pembeni.

Siku ya pili walikuwa wake watatu kwenye uzio. Siku iliyofuata walikuja na majirani. Mzee aliwapa sehemu yake tena, akaniambia niwape na yangu, nikatoa. Ilikuwa kama kumwaga kijiko cha maji kwenye mchanga. Wiki hiyo ilipoisha alimwita fundi mmoja, wakapigilia mabati kwenye uzio kutoka chini mpaka juu. Alishika misumari mwenyewe. Baada ya hapo hatukuwaona, lakini tuliwasikia wakipumua na kunyamazisha watoto upande wa pili wa bati.

Mzee alijaribu jambo moja zaidi. Kulikuwa na vitanda vilivyokwisha kutengenezwa ambavyo hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuvinunua. Alisikia kwamba Rujewa, kwenye bonde la Usangu, bado kuna mpunga, na kwamba wafugaji waliohamia kule kutoka kaskazini wanajenga nyumba na wanataka vitanda. Akaomba nafasi kwenye lori la jamaa wa kanisani kwake, akapakia vitanda, akapanda juu yake.

"Nikipata mchele," aliwaambia mafundi kabla hajaondoka, "huo ni wa kwangu, nimeununua kwa mbao zangu. Huo kila mtu atabeba nyumbani kwake."

Sijawahi kuwaona watu wakifanya kazi kwa moyo kama siku zile ambazo Mzee hakuwepo. Fundi wa vanishi, aliyekuwa hawezi kusimama vizuri, alikaa chini akapiga msasa akiimba.

Mzee alirudi jioni moja, kwa miguu kutoka stendi. Tulitazama nyuma yake kama kuna mkokoteni. Hakukuwa na kitu. Alikaa kwenye benchi, akaomba maji, akanywa yote.

"Nilipata," alisema. "Magunia matatu ya mchele mzuri. Kwenye kizuizi cha barabarani wakaniuliza kibali cha kusafirisha nafaka. Nikawaambia sina, sikujua, ni chakula cha wafanyakazi wangu. Kijana mmoja mwenye adabu sana akaniambia, 'Mzee, pole, lakini amri ni amri.' Wakashusha."

"Na vitanda?" aliuliza fundi wa milango.

"Vitanda viko Rujewa, ndugu yangu. Watu wamevilalia."

Hakuna aliyemlaumu. Nadhani angelaumiwa angejisikia vizuri zaidi. Fundi wa milango alimpokea kikombe, akakirudisha kwenye ndoo, kisha akaenda kufagia maranda ambayo yalikuwa yamekwisha kufagiwa.

Mama yake alifariki muda mfupi baadaye. Hakuumwa ugonjwa wa kutaja. Jirani alisema alilala kama kawaida, akiwa ameshiba, kama alivyokuwa akisema kila siku. Mzee alifunga karakana. Mafundi walitengeneza sanduku kwa mbao za msindano, na fundi wa milango akataka kupiga randa mwenyewe, hawakumnyima. Walimpeleka bibi kwao Kalenga, nasi tukafuata, na pale matanga hayakuwa na chakula. Watu walikaa, wakaimba, wakatazamana, wakaondoka mapema ili wasiwaaibishe wenyeji. Mzee alikuwa ametoa kila alichokuwa nacho cha kutoa: mbao, misumari, lori, siku ya kazi. Yote haya hayaliwi.

Fundi wa milango alirudi kazini akakaa siku chache. Mchana, nilipoweka sinia, alinawa na kukaa na wenzake, lakini hakunyoosha mkono.

"Kula, baba," Mzee alimwambia. Alimwita baba, mtu aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka mingi.

"Mzee, umenitendea mema," alisema. "Wewe ungekuwa mbaya, ningejua la kufanya. Ningekutukana nikaondoka. Sasa naondoka bila kukutukana."

"Unakwenda wapi?"

"Chunya. Makongolosi. Nasikia watu wanachimba dhahabu, na anayepata ananunua chakula popote kilipo."

"Wanasema wengi hawapati."

"Hapa nimepata," alisema fundi, akitazama sinia, "na haijanisaidia."

Aliacha vifaa vyake akachukua patasi moja tu. Mzee alimsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi aliniambia nipunguze maji ya ugali, tumepungua mtu mmoja, halafu akaingia nyuma ya mbao na hakutoka mpaka saa ya kufunga.

Mvua za mwaka uliofuata zilinyesha vizuri. Mahindi mabichi yalipofika sokoni watu walichoma barabarani, wakala wamesimama, wakacheka na meno yao yenye masizi. Mzee aling'oa mabati kwenye uzio. Unga mweupe ulirudi kwenye sufuria yangu na mafundi wapya wakaja, vijana wenye sauti, wakigombania ukoko. Wa zamani walikula haraka na kuondoka kwenda kukaa mbali na masinia. Mzee aliniuliza siku moja, tukiwa tumebaki wawili, kama ningekuwa mimi ningefanya nini mwaka ule. Nilifikiri sana. Nikamwambia sijui. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu aliloogopa kulipata.

Mke wa fundi wa milango alingoja habari miezi mingi. Alikuwa anapita karakanani kuuliza, nasi hatukuwa na lolote. Mwishowe nyumba ya Mwangata ikamshinda, akachukua watoto wote wanne, wazima, akarudi nao kwa wazazi wake huko milimani Kilolo.

Mimi niliolewa Mbeya. Nikiwa kule, dereva mmoja wa lori aliyekuwa amepanga uani kwetu alitueleza kuhusu safari yake ya Makongolosi. Alisema alikutana na mchimbaji mmoja, mtu wa Iringa, amekonda, aliyeshika dirisha la lori na kumuuliza kama anapita Mwangata, kama ameona mwanamke mwenye watoto wanne.

"Ulimjibu nini?" niliuliza.

"Ningemjibu nini? Nilimwambia siwajui."

"Wako Kilolo, kwa wazazi wa mama yao. Watoto wako salama. Ukirudi kule mwambie."

Dereva alinionea huruma, niliona. Alisema tajiri wake amemhamishia njia ya Kyela, hatarudi tena Chunya. Nilizunguka kwa madereva wengine stendi, siku nyingi, nikiuliza nani anakwenda Makongolosi. Waliokwenda niliwapa maneno yale. Hakuna aliyerudi kuniambia kama yalifika.